Umeme kama Rasilimali: Uhakiki wa Upangaji wa Kontena za Programu kwa Kuzingatia Mazingira ya Sumbawanga

Makala ya Abhishek Verma na wenzake kuhusu Borg, mfumo wa Google wa kusimamia klasta, ilitolewa mwaka 2015 na imekuwa rejeo kuu katika tafiti za upangaji wa kontena. Nguvu yake ni vipimo. Inaonesha kuwa kutenganisha kazi za kipaumbele cha juu na zile za chini kungehitaji nyongeza ya mashine ya asilimia 20 hadi 30 katika klasta ya wastani.

Udhaifu wake umo katika maana ya rasilimali. Vinavyogawanywa ni kichakataji, kumbukumbu na diski. Umeme unatajwa kama chanzo cha hitilafu tu: nakala za kazi husambazwa ili njia moja ya umeme ikikatika zisizimike zote. Hoja hiyo inafaa klasta ya mashine 10,000. Haitoshi kwa seva tatu ndani ya chumba kimoja mjini Sumbawanga, mji ambao kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa. Umeme ukikatika, kinachobaki ni betri.

Kubernetes, iliyotokana na uzoefu wa Borg, imerithi mtazamo huo. Hupanga kontena kwa kuangalia kiasi zilichoomba, si zinachotumia. Seva isipopatikana, kontena zake kwa kawaida husubiriwa sekunde 300 kabla ya kuanzishwa kwingine. Hapa hapana kwingine. Madaraja ya kipaumbele yapo, lakini kontena ya daraja la chini kwa kawaida huondolewa pale ya daraja la juu inapokosa nafasi. Hivyo, kumbukumbu za wagonjwa na ripoti ya mwezi zikienea katika seva, zote huachwa zile betri ileile hadi iishe, ingawa ripoti ingeweza kungoja.

Kwa hiyo, kigezo cha kupima kontena ngapi zimeenea hakitoshelezi kwa Ufipa. Tafiti za upangaji katika mazingira haya zipime pia ni kwa muda gani huduma muhimu inaendelea baada ya umeme kukatika, na betri ihesabiwe kama rasilimali inayopungua kadiri muda unavyopita.