Kasisi Kwenye Ngazi ya Meli

Mwaka 1835 kasisi Mwanglikana John Ashley alikuwa ufukweni mwa Bristol Channel, Uingereza, mwanawe alipomuuliza: watu wa visiwa vile huendaje kanisani? Ashley akavuka kwenda kuwaona. Huko akakuta ambacho hakukitarajia: meli zimetia nanga zikingoja upepo, zimejaa mabaharia wasiotembelewa na kasisi yeyote. Kazi yake ndiyo iliyozaa, mwaka 1856, shirika linaloitwa leo Mission to Seafarers.

Nembo yake ni malaika arukaye wa Ufunuo 14. Kazi yenyewe haina mabawa. Bandarini, Mombasa ikiwemo, kasisi huvaa kofia ngumu na kizibao king'aacho, akapanda ngazi inayoyumba, mkononi laini za simu. Baharia Mfilipino aliyeiacha familia miezi mingi hutaka kwanza intaneti. Sala hufuata, akipenda. Haulizwi dini.

Makasisi hawa wanastahili pongezi hasa kwa subira hiyo ya kutotanguliza mahubiri. Misa ikiwapo, husaliwa katika chumba cha kulia, harufu ya dizeli ikipenya, na altare ni meza ileile ya wali. Na asiyelipwa mshahara? Kasisi huyohuyo humtafutia msaada wa kisheria.