Vina Vimetimia, Maana Imepotea

Mpenzi wa mashairi hahitaji kufundishwa namna ya kuutambua utungo uliotimia vina na mizani lakini usio na neno la kusema. Huusoma ubeti wa kwanza akafurahi, wa pili akangoja, na afikapo wa tano huona kwamba mtunzi alikuwa akitafuta silabi za kujazia mishororo tu. Wazee wetu walikwishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hukumu hiyo ndiyo inayoistahiki filamu ya The Black Dahlia, iliyoongozwa na Brian De Palma na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2006. Na kwa kuwa ni filamu ya wapelelezi, kosa lake ni zito kuliko la utungo mtupu, maana ndani yake mna maiti, na maiti yule alikuwa binadamu kweli.

Filamu za aina hii wahakiki wa Kifaransa waliziita “nyeusi” mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Zilikuwa senema za Marekani zenye vivuli virefu, barabara zilizolowa usiku, mwanamke asiyeaminika, na mpelelezi ambaye kila akizidi kuchimba hukuta uchafu umemfikia na yeye. Giza lile lilikuwa na kazi yake. Lilimwambia mtazamaji kwamba mji umeoza, na kwamba anayeutafuta ukweli hatatoka humo akiwa safi. De Palma, akitengeneza filamu ya rangi miaka 60 baadaye kuhusu Los Angeles ya mwaka 1947, amelichukua giza akaiacha kazi yake.

Kisa chenyewe kinatokana na tukio la kweli. Tarehe 15 Januari 1947 mwili wa Elizabeth Short, msichana wa miaka 22, ulikutwa kiwanjani umekatwa vipande viwili. Muuaji hakupatikana hadi leo. Mwaka 1987 James Ellroy alilitungia tukio hilo riwaya, akaitabaruku kwa mama yake, ambaye naye aliuawa mwaka 1958, Ellroy akiwa na miaka kumi, na muuaji wake naye hakujulikana. Kwa hiyo chini ya riwaya ile mna makaburi mawili, na msomaji huyahisi yote mawili hata pale mwandishi anapopiga kelele nyingi.

Tuipe filamu haki yake kwanza. Fani yake ni ya watu wanaoijua kazi. Picha alizozipiga Vilmos Zsigmond ziliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar, na zinastahili. Mitaa ya Los Angeles, ambayo kwa sehemu kubwa ilijengwa upya huko Bulgaria, ina rangi ya kahawia iliyokolea kama picha ya ukutani kwa bibi. Kofia, suti, magari na midomo iliyopakwa rangi nyekundu, vyote vimepangwa kwa urari. Josh Hartnett na Aaron Eckhart ni wapelelezi wawili waliowahi kupigana ngumi ulingoni. Scarlett Johansson amesimama kati yao. Hilary Swank ni binti tajiri anayejifananisha na marehemu.

Lakini tazama jinsi maiti anavyoingia. Wapelelezi wako barabarani wakimvizia mhalifu mwingine. Kamera inapanda taratibu juu ya paa la jengo; nyuma, mbali kabisa, mwanamke mwenye kigari cha mtoto anaona kitu majanini, anapiga kelele na kukimbia; kamera haimngoji, inateremka tena mtaani, risasi zinalia. Ni ufundi wa hali ya juu. Tena ni kielelezo cha filamu nzima: marehemu ameonwa kwa mbali, kisha akaachwa, kwa sababu mwongozaji ana mambo mengine ya kutuonyesha. Kuna wizi wa benki wa zamani, kuna deni la hongo, kuna mapenzi ya watu watatu, kuna familia ya kitajiri yenye wazimu. Kila uzi unavutwa kidogo ukaachwa. Mwishoni mama wa familia ile anasimama na kukiri kila kitu kwa dakika chache, kama mwanafunzi aliyekumbuka somo lake muda wa mtihani ukiisha, kisha anajipiga risasi. Fumbo limefumbuliwa, na hakuna moyo uliotikisika.

Mahali pamoja tu filamu inapumua. Ni pale Elizabeth Short, anayeigizwa na Mia Kirshner, anapoonekana katika vipande vya picha zisizo na rangi akijaribiwa uigizaji, akijibu maswali ya mtu asiyeonekana, akijaribu kutabasamu huku akidhalilishwa. Hapo tunamjua aliyekufa. Hapo pia tunajua ni filamu gani tuliyonyimwa. Curtis Hanson, alipoitengeneza L.A. Confidential mwaka 1997 kutokana na riwaya nyingine ya Ellroy, alikata visa vingi ili vichache vilivyobaki vipate uzito. De Palma ametaka kuvibeba vyote, vikamwagika.

Wasomaji wa Visiwani wana kipimo chao cha mambo haya. Muhammed Said Abdulla, aliyemzaa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake kiko na swahiba wake Najum, mambo yanayofanana na ya Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa hachunguzi alama za viatu peke yake. Huchunguza nasaba, ndoa, siri za nyumba na urithi. Huuliza aliyekufa alikuwa nani kwa watu wake, na katika jibu hilo ndipo muuaji hujitokeza. Hiyo ndiyo kanuni ambayo The Black Dahlia imeivunja.

Anayeiona kanuni hii kuwa ya vitabuni tu, naajaribiwe kwa kesi ya kweli iliyoko Songea, mkoani Ruvuma. Mji ule una jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji. Mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa tarehe 27 Februari mwaka huo, na siku hiyo hukumbukwa mjini hapo kila mwaka. Songea ana kaburi lake, lakini jamaa zake wanaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tizama kesi hii ilivyo kinyume cha ile ya Los Angeles. Muuaji anajulikana, mwaka unajulikana, sababu inajulikana. Kisichojulikana ni alipo marehemu. Na kesi haijafungwa.

Filamu ya The Empty Grave, yaani kaburi tupu, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay na kuonyeshwa Berlin mwaka 2024, inamfuata John Mbano, wakili wa ukoo huo, pamoja na mkewe Cesilia Mollel, wakiutafuta mfupa huo hata Ujerumani. Hamna kofia wala bastola. Kuna ofisi, barua na kungoja. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha, akaahidi kushirikiana katika kutafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Filamu hii nayo ina upungufu: imegawanya macho yake kati ya ukoo huu na ukoo wa Kaaya wa Meru, na mara nyingine inamhamisha mtazamaji kabla hajatulia. Hata hivyo kila hatua ya upelelezi wake ina uzito, kwa kuwa hatusahauliwi hata mara moja ni nani anayetafutwa, na nani anayemngoja.

Haifai kusema kwamba hali halisi daima huishinda hadithi ya kubuni; Bwana Msa ni wa kubuni, naye tunamwamini. Tofauti iko katika heshima anayopewa marehemu. Siku moja vijana wetu watataka kuipiga filamu ya upelelezi ya zama zilizopita, iwe ya Unguja ya miaka ya hamsini au ya Songea ya Mjerumani. Watahangaika kutafuta magari ya kale, kanzu za wakati ule, bunduki na taa za chemli, na ni vyema wahangaike. Lakini kabla ya kumwita fundi cherehani, waandike ukurasa mmoja juu ya yule aliyekufa: jina lake, watu wake, na pengo aliloliacha. Wakiushindwa ukurasa huo, taa zote za Bulgaria hazitawaokoa.