Umande Kabla ya Dawa

Katika viwanja vya gofu vya kaskazini mwa Marekani, kazi ya kwanza ya alfajiri wakati wa kiangazi ni kuondoa umande. Kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, mashine ya kukatia, iliyoshushwa hadi milimita 3 hivi, huupangusa huku ikikata. Siku isiyo ya kukata, mfanyakazi hupitisha ufito mrefu juu ya majani, na kwenye feawei, ile njia ya nyasi inayoelekea kwenye grini, vigari viwili huburuta mpira wa maji katikati yao. Mpita njia anaweza kudhani ni mapambo tu. Mimi naiona kuwa ndiyo kinga kuu dhidi ya dola spoti, ugonjwa wa kuvu unaoacha mabaka ya rangi ya majani makavu, yenye upana wa sarafu ya dola.

Sababu iko ndani ya maji yenyewe. Sehemu ya kile tunachokiita umande haikutoka hewani. Ni jasho la jani, lililochuruzika nchani usiku likiwa na sukari na asidi amino. Kwa kuvu, hicho ni kinywaji na chakula pamoja. Nyuzi zake nyeupe, ambazo asubuhi huonekana kama utando wa buibui, hutambaa jani hadi jani maadamu kuna maji. Mashine haikaushi nyasi papo hapo. Huvunja matone yakasambaa kuwa tabaka jembamba, na jua likichomoza hukauka upesi. Ndiyo maana kumwagilia jioni ni kosa: huongeza saa za unyevu. Maji yakifunguliwa usiku wa manane, umande umeshatua, saa hizo haziongezeki. Na mti unaoizibia grini jua la asubuhi, hata uwe mzuri namna gani, ni wa kupunguzwa matawi.

Wapo watakaosema kukata nyasi zilizolowa ndiko kunakosambaza kuvu, kwani vipande vyenye nyuzi hunata kwenye mashine na viatu. Vinanata kweli. Lakini uwanja uliowahi kuugua una kuvu tayari katika mabaki ya nyasi. Inachongojea ni unyevu, si usafiri. Pingamizi zito zaidi limetoka Chuo Kikuu cha Michigan State, ambako majaribio ya rola ya kusawazishia grini yalionyesha ugonjwa ukipungua hata rola ilipopitishwa mchana, majani yakiwa makavu. Hapo nakubali: umande si maelezo yote. Naitrojeni pia ina sehemu yake. Nyasi zenye njaa huugua zaidi, ingawa ukizishibisha wakati wa joto unakaribisha ugonjwa wa baka la kahawia, ambalo ni balaa jingine. Wala dawa haiachwi. Kielelezo cha Smith-Kerns, kwa wastani wa siku 5 wa joto na unyevu wa hewa, hukadiria hatari, na wengi hupulizia ikifika asilimia 20. Ila kuvu hii imeshazoea makundi kadhaa ya dawa, na yale yanayofanya kazi bado huchakaa kwa kila mpulizo.