Pua ya Fundi

Mashine yangu ilikuwa inakufa saa mbili na nusu usiku. Si kila siku, lakini mara nyingi kiasi kwamba niliizoea kama ratiba: chai, taarifa ya habari, kipindi cha kwanza cha mpira, kisha giza. Kioo kinazimika ghafla, feni za kadi ya grafiki zinanguruma kama bajaji inayopanda mlima, na mtangazaji wa gemu anaendelea kutangaza mechi ambayo hakuna anayeiona. Baada ya sekunde chache naye ananyamaza.

Nilikuwa na washtakiwa watatu. Wa kwanza ni kadi yenyewe, RX 580 ya mtumba. Kadi hizi zilitoka mwaka 2017, na nyingi zilimaliza ujana wao zikichimba sarafu za kidijitali, zimepangwa safu kwa safu ghalani, usiku na mchana bila likizo. Septemba 2022, mtandao wa Ethereum ulipoachana na uchimbaji wa aina hiyo, wastaafu hao wakamwagika sokoni duniani kote, na yangu niliishuku kuwa mmoja wao. Mshtakiwa wa pili ni draiva. Wa tatu ni umeme wa jioni, kwani nani asiyejua kwamba saa mbili usiku kila nyumba mtaani imewasha pasi, feni na jiko? Niliwahukumu wote kwa zamu. Nilifuta draiva na kuipakia upya mara nne. Nilinunua stabilaiza. Nilifungua ubavu wa mashine nikaielekezea feni ya mezani. Ikaendelea kufa saa mbili na nusu.

Ndipo nikaifunga kwa kanga, nikaipakia kwenye bajaji hadi Kariakoo, kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya pili ambako mzee mmoja anatengeneza kompyuta. Alianza na redio, akahamia deki za video, kisha televisheni zile za mgongo, na sasa ana meza iliyojaa kadi za grafiki za vijana wa mjini. Wateja wanamwita Fundi, basi.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Mgonjwa ana nini?”

“Kadi imekufa, mzee.”

“Nani kakwambia?”

“Windows yenyewe.” Nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu: kumbukumbu ya mfumo, tukio namba 4101, draiva ya skrini iliacha kuitikia, ikarudishwa.

Akacheka, akanivutia kigoda. Tangu enzi za Windows Vista, akasema, Windows ina zamu ya kuijulia hali kadi. Ikiipa kazi, inasubiri. Zikipita sekunde mbili bila jibu, inaihesabu kuwa imezimia, inaizindua, na kuliandika tukio. Ikizinduka, unaona kioo kinapepesa tu na gemu kufungika. Isipozinduka, unaletewa ukurasa wa hitilafu wenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Sekunde mbili. Lakini kwa nini kadi haikujibu, hapo Windows haijui lolote. Imetaja jina la draiva kwa sababu draiva ndiyo iliyokuwa mlangoni wakati hodi inapigwa.

Mjumbe hauawi, ndivyo tulivyolelewa, ila kwenye kompyuta anauawa kila siku. Mtu anaona jina la draiva, anaifuta. Inarudi, anaifuta tena. Wengine wanaingia ndani ya mfumo na kuzirefusha zile sekunde mbili ziwe nane au kumi, jambo ambalo lina nafasi yake kwa mwenye kazi nzito zinazochelewa kwa haki, lakini kwa kadi inayougua ni sawa na mzee anayezimia akipanda ngazi, nawe unaamrisha watu wasubiri kidogo kabla ya kumwinua.

Nikamweleza habari ya umeme wa jioni. Akanisikiliza hadi mwisho, na hilo nalo ni sehemu ya ufundi, maana nilikuwa naongea ujinga.

“Mchana unafanya nini na mashine hii?”

“Naandika.”

“Unaandika tu?”

“Naandika na kusoma barua.”

“Sasa bwana mdogo, kadi iliyolala itaangukaje?”

Sikuwa na jibu. Ushahidi wangu wote wa wiki tatu ulikuwa ni kwamba mimi hucheza mpira usiku. Ningecheza saa nne asubuhi, ingekufa saa nne asubuhi, na umeme wa mtaa ungepona kashfa.

Sanaa ya huyu mzee inaanzia masikioni. Aliniuliza maswali ambayo hakuna programu iliyowahi kuniuliza. Picha ikipotea, sauti inabaki? Inabaki safi, au inakwama kwenye silabi moja kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa? Feni zinanyamaza au zinapiga kelele? Taa ya mbele inabaki? Kwake, hivyo ni vifo vya aina tofauti. Mashine inayozimika kavu, puu, na kuwaka yenyewe, anaifikiria kwanza upande wa pawa saplai, kwa sababu kadi huweza kuvuta umeme mwingi kupita kiwango chake kwa kitambo kidogo mno, na kinga iliyo ndani ya saplai ikakata. Hapo kumbukumbu itaandika tukio namba 41, ambalo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Cheti cha kifo kilichoandikwa “amefariki”. Sauti inayokwama pamoja na kila kitu inampeleka kwenye ramu, kwenye prosesa, kwenye joto. Vimraba vya rangi na nukta zinazomeremeta kama chenga za televisheni kabla ya kuganda, hapo anaishuku kumbukumbu ya kadi yenyewe. Ila picha kupotea, sauti ikabaki, feni zikapandisha hasira: kadi imepotea njia lakini nyumba bado imesimama. Haya yote kwake ni dalili tu. Nilimsikia akisema “huenda” mara nyingi kuliko daktari yeyote niliyewahi kukaa mbele yake.

Kisha akafungua kaunta buku. Ni daftari gumu la kawaida, limechakaa kona, na kila mgonjwa ana ukurasa. Safu tatu: nimebadilisha nini, nimeona nini, saa ngapi. Nilimwambia kwa majivuno kwamba mimi tayari nimebadilisha draiva, stabilaiza, pesti ya prosesa na mpangilio wa feni.

“Kwa siku ngapi?”

“Jumamosi moja.”

Akaweka kalamu chini. Ingepona siku ile, akaniuliza, ningejua kilichoiponya? Na ingezidi, ningejua kilichoizidisha? Yeye hubadilisha kitu kimoja, kisha anakaa. Nimewahi kuona watu wakisifu vidole vya mafundi, namna wanavyoshika pasi ya kulehemu bila kutetemeka. Vidole vya huyu vinatetemeka kidogo, umri huo. Anachokiweza ni kukaa. Alichomoa kadi yangu, akaichomeka kwenye mashine yake, akawasha FurMark, programu ambayo kazi yake yote ni kuchora andazi la duara lenye manyoya linalozunguka, na kuitoa kadi jasho kuliko gemu yoyote. Akaagiza kahawa. Andazi likazunguka saa nzima. Joto likapanda, likatulia, halikuzidi. Akaandika.

Ndipo akachukua kadi yake, nzima, inayojulikana, akaitia kwenye mashine yangu. Dakika ya kumi na mbili, giza. Feni zikanguruma. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeshindwa: mtuhumiwa wangu mkuu alikuwa ameachiwa huru.

Nitasema jambo moja hapa kuhusu mafundi wa njia nyingine. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zikifa kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za ufungaji wake. Zilipata moto, zikapoa, zikapata moto tena, na viungo vikapasuka. Miaka ile watu walijifunza kuoka kadi kwenye tanuri la keki, na kadi kweli ikafufuka, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Ujuzi huo haujafa. Kuna meza ambako kadi yangu ingepigwa hewa ya moto kabla sijamaliza kueleza, na pengine ningerudi nayo nyumbani imeharibika kweli. Fundi anayo mashine ya hewa ya moto. Imefunikwa kitambaa.

Badala yake aliinama. Alitia kichwa ndani ya kasha langu, akashika waya unaoilisha kadi, akaufuata kwa vidole kinyumenyume, toka kwenye kadi hadi unakotoka, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi gizani. Alipofika katikati akasimama. Akainusa plagi. Akanipa na mimi ninuse. Harufu ilikuwa ndogo sana, ile ya mpini wa sufuria uliosahaulika karibu na moto.

Aliyeniuzia mashine alikuwa na pawa saplai isiyokuwa na waya wa pini nane unaohitajika na kadi ile. Akatafuta kiunganishi: upande mmoja pini nane, upande wa pili plagi bapa ya SATA, ile iliyotengenezwa kulisha diski. Kwa macho vinaingiana vizuri kabisa. Fundi akageuza kaunta buku nyuma, akanifanyia hesabu. Plagi ya diski ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Zote tatu ampea 4.5, mara 12, wati 54. Plagi ya pini nane imeahidi wati 150. Kadi yangu, kwa karatasi zake, inakula 185. Hata ubao mama ukitoa wati 75 zake zote bila choyo, zinabaki 110 ambazo lazima zipite kwenye plagi ya wati 54. Zilikuwa zinapita. Pini inapata moto, mshiko unalegea, ukinzani unaongezeka, moto unazidi. Baada ya muda volti zinazofika kwenye kadi haziitoshi tena, kadi inazimia, kila kitu kinapoa, na asubuhi mashine inaamka mzima wa afya, tayari kuandika makala.

Alipima pia, ingawa pua ilikwishamwambia. Akachomeka vijiti vya multimita nyuma ya plagi, andazi likaanza kuzunguka. 12.1. Tukanywa kahawa. 11.7. Nilikuwa naangalia andazi. Yeye hakuliangalia hata mara moja. 11.5. Chini ya 11.4 ni nje ya kanuni. Ikasoma 11.3, ikasoma 11.2, na kioo kikawa cheusi.

Siyo aibu ya mitumba peke yake. Mwaka 2022 zilipotoka RTX 4090, kadi za wati 450 na bei ya pikipiki, plagi zake mpya zikaanza kuyeyuka kwa baadhi ya wanunuzi. Novemba NVIDIA ikasema imepata taarifa za kesi kama 50 duniani, na kwamba sababu iliyojirudia ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Wengine waliilaumu plagi yenyewe, na ubishi ule bado una watu wake. Chipu yenye transista bilioni 76, na zogo lote likawa kwenye kipande cha plastiki.

Fundi alinitafutia pawa saplai yenye waya wake halisi wa pini nane, akaifunga, akaliacha andazi lizunguke hadi adhana ya magharibi. Ile plagi aliipachika kwenye msumari ukutani, pamoja na ndugu zake, zote zimeungua kahawia mahali palepale.

Wakati natafuta pesa mfukoni nikauchungulia ukurasa wangu kwenye kaunta buku. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa shule za zamani, ulisomeka: Kadi nzima. Waya mbovu. Mwenye mashine ana haraka.