Jana Ulikula Wapi?

Mjomba wangu aliendesha malori kwa miaka ishirini na saba, Dar es Salaam hadi Tunduma, na katika barabara yote ile hakuwahi kula vibaya mahali pamoja mara mbili. Mara moja, ndiyo, hilo halikwepeki. Nilipanda naye safari mbili wakati wa likizo za shule, nikiwa nimebanana na dumu la maji ndani ya kichwa cha lori, na hadi leo sijapata mwalimu mwingine wa somo hili.

Alikuwa na swali moja tu. Akisimama mji asioujua vizuri alimtafuta mtu mwenye kazi mikononi, fundi pancha au mpakia mizigo, akamsalimu kwa kirefu, akamuuliza habari za mvua, ndipo aseme: "Mwenzangu, jana ulikula wapi?"

Nilimuuliza kwa nini haulizi tu wapi pana chakula kizuri.

"Mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "ukimuuliza mtu wapi pazuri, atakutajia anapotamani kwenda siku akipata hela. Ukimuuliza jana alikula wapi, anajibu kwa tumbo lake."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za ndugu wawili wa Ufaransa wenye kiwanda cha matairi, akina Michelin, ambao mwaka 1900 walitoa kitabu kidogo cha kuwaongoza wenye magari: wapi pana fundi, wapi pa mafuta, wapi pa kulala. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Watu wakisafiri zaidi, matairi yataisha upesi zaidi. Nyota za migahawa zilianza 1926, na leo mpishi wa Paris hukosa usingizi kwa sababu ya kitabu cha wauza matairi. Nilimsimulia mjomba. Alicheka sana, akasema hao walikuwa watu wa barabara, ndiyo maana wakajua.

Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sibishani nao, ila nadhani aliyeitunga methali hiyo alikuwa na muda. Mkazi wa Magomeni ana mwaka mzima wa kungoja kizuri kijiuze kwake, na kisipojiuza leo kitajiuza mwezi ujao. Mimi kazi yangu iko Dodoma. Tangu treni ya umeme ianze kufika kwetu mwishoni mwa Julai 2024, safari iliyokuwa ikimeza siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa tatu na ushei, au nne. Ijumaa natoka ofisini, usiku niko Dar. Jumapili jioni narudi. Hiyo ni milo mitano, sita ukihesabu supu ya asubuhi. Niliyekosea Jumamosi mchana siwezi kusema nitajaribu kwingine Jumatatu. Mtu wa siku mbili inambidi akifuate kizuri hadi kilipojificha, na huo ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Una vyombo vyake na una wanaojidai kuujua.

Ninachokitazama kwanza ni saa. Jiji hili lina chakula kizuri cha saa yake, na saa hiyo ikipita kimekwisha, hata kama sufuria bado imejaa. Supu ya makongoro na chapati ni ya alfajiri hadi saa tatu; ukiikuta ingalipo saa sita, jua imeongezwa maji na zaidi ya mara moja. Samaki wa kukaanga pale soko la Feri ni wa asubuhi, mnada ukiwa bado unapigiwa kelele na sakafu haijakauka. Biriani ni ya Ijumaa baada ya swala, bahati mbaya kwangu, kwa kuwa saa hiyo bado niko Dodoma nagonga mihuri. Pweza ni wa magharibi, kwa kijana mwenye meza ndogo, kisu, vijiti vya meno na kikombe cha supu inayosifiwa kwa nguvu ambazo mimi sijazithibitisha. Mishkaki ya Upanga ni ya usiku. Na Ramadhani ikiingia ratiba yote inapinduka: mabanda mengi hufunikwa mchana, halafu jua likizama mitaa inanukia magimbi ya nazi na kaimati. Nimekutana na wageni wanaoapa kwamba Dar hakuna chakula. Walikuwa mahali sahihi, saa ya watu wengine.

Halafu walaji. Wengi huhesabu vichwa; mimi nataka kujua ni vichwa vya nani. Banda lililojaa abiria wanaosubiri basi halinipi habari yoyote, kwa sababu abiria hana pa kwenda. Lakini nikimwona mzee wa mtaa ule ule, kanzu imepigwa pasi, mke wake anapika nyumba ya tatu kutoka pale, naye ameketi anakula wali wa kununua, navuta kiti. Huyo ana sababu.

Pua nayo ina kazi yake. Mafuta yaliyochoka yananuka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Na nikishaketi naangalia kachumbari kabla ya kuangalia nyama: kitunguu kimeoshwa kwa chumvi hadi kimeacha ukali, au kimekatwa tu kikatupwa pale? Kachumbari hailipiwi. Mpishi aliyehangaika na kitu cha bure sina wasiwasi naye kwa kile nitakacholipia.

Vijana wa ofisini wananicheka. Kwao mambo yote hayo yamo kwenye simu, na nyota tano juu. Nilijaribu, nisije nikaitwa mshamba. Mwaka juzi nilifuata nyota hadi ufukweni, mahali pamoja pazuri mno pichani: taa za nyuzi, mito ya rangi, bahari nyuma. Niliagiza pweza wa nazi. Nilikaa saa nzima na robo. Akaja mgumu kama kandambili, juu yake kipande cha ndimu kilichochongwa ua. Bili ndiyo iliyokuja haraka.

Wakati nasubiri nilipata nafasi ya kuzisoma zile sifa moja baada ya nyingine. Karibu wote waliosifia walikuwa wamepita mara moja, wakapiga picha jua linapozama, wakaenda zao. Anayekula mahali kila siku haandiki kitu. Anakula, analipa, anarudi kazini. Shahidi mkubwa kuliko wote hayumo kwenye simu. Kwa njia naishukuru sana simu, hasa kule Sinza ambako nikigeuka mara mbili sijui nilikotoka. Kwa chakula, hapana.

Baa ni somo jingine, na hapa nakiri nina ubaguzi: naingia baa kwa kupitia bucha. Baa ya nyama inayojiheshimu ina bucha lake pale pale, mbuzi ananing'inia, na mbele ya moto yupo mtu mmoja asiyeongea sana. Huyo ndiye mwenye baa, leseni iseme inavyosema. Nenda kwake kabla hujatafuta kiti. Msalimie, chagua mbavu au mguu, ipimwe ukiona, muulize itachukua muda gani. Akikuambia dakika kumi, nyama hiyo imechomwa nusu tangu mchana na inangoja kupashwa. Akikuambia "kaeni, nitawaita," kaeni. Kama siku hiyo Simba na Yanga wanacheza, agiza saa nzima kabla ya filimbi, kwa maana mchoma nyama naye ni binadamu na ana timu yake.

Ukishakaa ndipo mhudumu aje na swali ninalolipenda kuliko yote ya mji huu: "Baridi au moto?" Mgeni hushtuka. Bia ya moto haijapashwa popote. Ni ile tu iliyotoka kwenye kreti bila kupitia friji, na wapo wazee wa Kinondoni ambao hawanywi nyingine, wakisema baridi inaua ladha na kifua. Mhudumu anayeuliza anajua watu wake hawafanani. Akikuletea tu bila kuuliza, nawe umeingia kwenye hesabu ya makreti. Na chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Hilo halina mjadala.

Wa rika langu tulikuwa tunachagua baa kwa bendi. Nyama ilifuata muziki. Mtu akishuka mjini Jumamosi aliulizwa, wewe Msondo au Sikinde, na jibu lake ndilo lililoamua atakula wapi na atalala saa ngapi. Msondo ilikuwa na asili ya mwaka 1964, ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya wafanyakazi. Sikinde ilizaliwa 1978 ikiwa Mlimani Park Orchestra, jina lililotoka kwenye baa, na kabla ya kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, katika miaka ya 1980 ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi. Mnaona watu wa barabara walivyo na mkono katika mambo haya. Muhidin Gurumo aliimba pande zote mbili, na alipofariki mwaka 2014 nilimwona mjomba, mtu wa Msondo asiyesamehe, akiwapa wa Sikinde pole. Siku hizi ukuta ambao jukwaa lilikuwa linauegemea umebeba runinga tatu za mpira wa Uingereza. Silaumu. Ila baa yenye runinga tatu hainiambii lolote kuhusu yenyewe, kwa kuwa mpira ni ule ule kila mahali. Na baa yenye mpiga gitaa, hata akiwa mbovu, najua niko wapi.

Sasa nieleze Jumamosi moja ya Machi.

Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, maji yamesimama barabarani, na dereva wa bajaji aliyenipakia Gerezani alikuwa anakwepa mashimo kwa kuyakumbuka, kwa kuwa hayakuonekana. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Nikamuuliza swali la mjomba.

"Jana nilikula nyumbani, mzee wangu. Mama watoto alipika."

Nikanyamaza. Hilo ni jibu zuri kwake, halinisaidii mimi.

"Juzi ndiyo nilikula kwa mama," akaongeza baada ya mataa. "Kule Ilala, nyuma ya gereji."

"Mama nani?"

Akafikiri. "Mama tu."

Ilikuwa banda la bati, benchi mbili, viti vya plastiki, meza zenye kitambaa cha maua cha kufuta kwa maji. Ndoo yenye bomba ilikuwa mlangoni, na maji ya kunawa yalikuwa ya vuguvugu. Mtu fulani alikuwa ameona vema kuyapasha. Sufuria nne zimefunikwa. Mafundi wa gereji walikuwa wananawa hadi viwikoni, grisi ikiteremka, na kando yao mwanamke wa ofisini mwenye kitambulisho shingoni amefunga leso juu ya blauzi ili asijimwagie. Hakuna aliyekuwa anaongea. Penye chakula kibaya watu huongea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Nikutilie nini?"

Kazi nzima imo ndani ya kitenzi hicho. Wateja walisema "mama, nitilie," wakasema tena kesho yake, hadi maneno yakageuka jina, na leo mama ntilie ni jina la kazi nchi nzima. Sijui ufundi mwingine uliobatizwa na walaji wake.

Akanitilia wali wa nazi, changu wa kukaanga aliyerudishwa kwenye mchuzi, matembele, na kijiko cha maharage ambacho sikukiomba. Wali ulikuwa umeachana punje kwa punje na bado tui lilikuwamo. Wanaopika watajua ugumu wake: ukitaka tui liingie, wali unashikana, ukitaka uachane, tui linabaki juu kama mafuta ya taa. Nilimuuliza anafanyaje. "Napika tu." Changu alikuwa na ngozi iliyokaza upande mmoja na kulainika upande uliolala mchuzini, na mfupa ulitoka mzima. Pilipili ilikuwa kwenye kopo la jamu, imesagwa na ndimu na embe bichi. Nilimaliza, nikaongeza wali, nikaona aibu kidogo, nikaendelea.

Nilipokwenda kulipa, shilingi 3,500 kwa vyote, sufuria ya samaki ilikuwa tupu na watu wawili walikuwa wanaambiwa pole. Nikamuuliza kwa nini hapiki sufuria ya pili, wateja si wapo?

"Ya pili nitaiharakisha," akasema.

"Na kibao je? Huweki hata jina?"

"Kibao cha nini, baba? Wanaokuja wanajua."

"Na wasiojua?"

Alikuwa ameshainama anakusanya sahani. "Watauliza."

Nimerudi pale mara sita. Benchi ni zile zile, na kopo la jamu nadhani ni lile lile. Sikutajii mtaa, kwa sababu bajaji haziko chache pale Gerezani na madereva wake wana midomo. Nakuomba jambo moja tu: ufike kabla ya saa saba na nusu. Saa nane anaosha sufuria.