Kauri ya Kidakani, Kauri ya Kaburini: Uungwana na Mauti katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, umezoeleka kusomwa kama hoja ya usawa: mauti yakifika, tajiri na fukara hulala katika mchanga mmoja. Usomaji huo una ushahidi. Matajiri waliotembea kwa maringo, watu wakiwatangulia na kuwafuata, wanahamia katika makao finyu yasiyo na mto wala tandiko. Huko nyuma majumba yao yanarithiwa na popo, na vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri vinageuka viota vya ndege.

Hata hivyo, makaburi ya mwambao wenyewe yanasimulia jambo jingine. Kuanzia karne ya 14 hivi, kutoka pwani ya Somalia hadi Tanzania ya leo, baadhi ya waungwana walijengewa makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu, ingawa mafakihi wengi hawakupendezwa na ujenzi juu ya kaburi. Mambrui na Kunduchi, bakuli za kauri kutoka China zilipachikwa katika nguzo hizo. Chombo kilichotangaza hadhi ya mwenye nyumba kidakani kilitangaza hadhi ya marehemu mbele ya kila mpita njia. Mtunzi anaeleza jinsi kauri ilivyotoweka nyumbani. Kwamba kauri kama hiyo hupatikana pia makaburini, hagusi. Kaburi lake ni la chini ya ardhi tu: mchanga, wadudu, mwili unaooza. Kilichojengwa juu yake hakionekani.

Kimya hicho si cha bahati. Mtunzi alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, na heshima ya masharifu ilisimama juu ya nasaba kabla ya mali. Anapoivunja fahari ya mfanyabiashara, haigusi ngazi aliyosimama yeye mwenyewe. Tena anapouliza waliko wakubwa wa Pate, jamaa zake wakiwamo, anawataja kwa majina. Ni kweli kwamba kuwataja ni kuwaombolezea. Lakini jina ndani ya utenzi hudumu kuliko chokaa, na kwa namna hiyo utenzi unafanya kazi ileile ya nguzo.

Wanaokosa majina ni wale waliotangulia na kufuata. Watumwa na watumishi wamo katika picha ya anasa pekee. Mauti yanapoingia, hawana kaburi wala swali la waliko. Hapa fasihi na akiolojia zinashiriki upungufu mmoja. James Kirkman alipofukua Gedi kuanzia 1948, kilichojitokeza kwa urahisi kilikuwa cha mawe: misikiti, kasri, makaburi ya nguzo. Nyumba za udongo na miti ziliacha alama hafifu, na kaburi lisilojengewa huacha alama hafifu zaidi. Anayehesabu makaburi ya mawe anawahesabu waungwana, kisha huenda akadhani ameihesabu jamii nzima.

Kwa hiyo mhakiki anayenukuu Al-Inkishafi kuthibitisha kwamba Waswahili wa kale waliamini usawa wa wafu anakosea mahali mahususi. Usawa uliomo ni wa waungwana kati yao: kadhi, tajiri na mtawala. Mtumwa hashushwi na mauti ya utenzi huu, kwa kuwa hakuwahi kupewa pa kushukia.