Mipira Miwili kwa Dakika Tisini

Ipogolo ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inapopita bondeni, mji wa Iringa ukiwa juu kilimani. Uwanja wa Samora uko huko juu. Mei 6, 2019 Yanga walipanda kilima hicho kucheza nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Lipuli ya Iringa, wakashuka wamefungwa 2-0. Wafungaji walikuwa Daruweshi Saliboko na Paul Nonga.

Nonga aliwahi kuivaa jezi ya Yanga. Alipita pia Mbeya City na Mwadui, yaani njia wanayoipita washambuliaji wengi wa Kitanzania: timu ndogo, timu kubwa kwa muda, kisha timu ndogo tena. Mashabiki wa Simba na Yanga, klabu za Kariakoo, wana desturi ya kuihesabu safari hiyo ya kurudi kama kushindwa. Wanakosea. Kufunga ukiwa na Lipuli ni kazi ngumu kuliko kufunga ukiwa na Simba au Yanga, tena ni kazi yenye ufundi wake.

Mshambuliaji wa timu kubwa akikosa nafasi tatu, ya nne inakuja. Meddie Kagere wa Simba alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, na hakuna wa kumnyima sifa zake, lakini nyuma yake alikuwapo Clatous Chama akimpimia pasi. Straika wa timu ndogo hana Chama. Kwa dakika tisini anaweza kupata mipira miwili ya maana, na mmoja kati ya hiyo miwili utamfikia ukidundadunda, beki kamshika jezi na mwamuzi anatazama kwingine.

Muda uliobaki anafanya kazi isiyoandikwa popote. Mpira mrefu unapigwa kutoka nyuma, anaupokea kwa kifua huku amelipa goli mgongo, anautuliza, anasubiri viungo wapande. Anakimbilia pembeni kwenye nafasi ambayo anajua hatapewa pasi, ili tu beki wa kati amfuate na kuacha uwazi. Jukwaani wanasema kalala. Halafu inapigwa krosi, na hapo ndipo mwenye macho anapouona ufundi. Kabla mpira haujaondoka mguuni kwa winga, yeye amerudi hatua mbili nyuma ya mgongo wa beki, mahali ambapo beki hawezi kumwona na kuuona mpira kwa wakati mmoja. Mpira ukiondoka, anachomoka kuelekea nguzo ya kwanza. Beki anageuka amechelewa nusu sekunde. Kwa mfungaji, nusu sekunde ni muda mrefu sana.

Nguvu ya shuti si hoja. Gerd Müller alimaliza na mabao 365 katika ligi kuu ya Ujerumani Magharibi, na bao lake maarufu kuliko yote, lile la fainali ya Kombe la Dunia la 1974 dhidi ya Uholanzi, halikuwa kombora. Mpira ulimponyoka kidogo nyuma yake, akageuka, akausukuma chini kabla kipa hajajipanga. Mabao ya namna hiyo yanafungika hata Samora, hata Uwanja wa Sokoine, Mbeya, mvua ikinyesha. Yanahitaji mtu aliyekwisha kuamua kabla mpira haujamfikia.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo. Msimu wa 2016/17 Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting alifunga mabao 14, sawa na Simon Msuva wa Yanga. Msimu wa 2021/22 George Mpole aliibuka mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, akiichezea Geita Gold iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Mabao yake yaliisaidia timu hiyo ngeni kumaliza ya nne na kukata tiketi ya michuano ya Afrika.

Lipuli haikufika huko. Iliingia fainali, ikaenda Lindi, na Juni 1, 2019 katika Uwanja wa Ilulu bao pekee la Obrey Chirwa likawapa Azam kombe. Kocha Selemani Matola akaondoka. Msimu uliofuata, wa mwisho kwa Nonga akiwa na Lipuli, Wanapaluhengo, ulikuwa mrefu kwa kila hali: timu 20, mechi 38, ugenini hadi Bukoba kwa Kagera Sugar, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Iringa. Machi 2020 ligi ikasimama kwa sababu ya korona, ikarejea Juni. Ilipomalizika Julai, Lipuli ilikuwa imeshuka daraja pamoja na Ndanda, Alliance na Singida United. Mfungaji mzuri anaweza kuirefushia timu maisha, lakini hawezi kuilipia mishahara wala kuizibia ukuta unaovuja.

Nonga alihamia Gwambina ya Misungwi, kisha akarudi Mbeya City. Januari 2022 Simba, mabingwa wa misimu minne mfululizo, walifika Sokoine. Walifungwa 1-0. Mfungaji: Paul Nonga.

Bao hilo linakumbukwa kwa sababu aliyefungwa ni Simba na kamera zilikuwapo. Mabao mengi ya watu wa kazi hii, hasa yanayofungwa Championship, daraja linalofuata chini ya Ligi Kuu, na madaraja ya chini yake, yanaishia kwenye ripoti ya mwamuzi na vichwani mwa waliokuwapo. Klabu za Iringa na Mbeya hazihitaji wafadhili kulirekebisha hilo. Kila moja ifungue daftari, iandike jina la mfungaji, dakika, mpinzani na namna bao lilivyopatikana, kisha ilitunze vizuri kama inavyotunza leseni za wachezaji. Vyama vya soka vya mikoa hiyo viwe vinayakagua madaftari hayo kila msimu unapofungwa.